Saluni Isiyomkatiza Mtu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye cheti cha ndoa, basi. Kwingine kote aliitwa Redio. Wateja walimwita Redio, majirani walimwita Redio, na hata mume wake, fundi viatu aliyeketi barazani nje ya saluni na nyundo yake na makopo yake ya gundi, alimwita hivyo hivyo. Alipenda kuwaambia watu kwamba alioa ili aepuke gharama za betri.

Redio alikuwa msusi, na alikuwa msemaji. Alisema akichana, alisema akifumua, alisema akisuka. Aliweza kubana kitana kwa meno na bado ukaelewa kila neno. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, viti vya plastiki, benchi la wanaosubiri, na mashine ya kukaushia nywele ambayo ukiiwasha taa ya darini inafifia kama inayosinzia. Ukutani zilining'inia rasta za kila rangi. Zulia la plastiki lilikuwa limelika mahali pamoja tu, pale nyuma ya kiti, anaposimama mwenyewe. Mwanamke aliyeingia na kichwa kilichovurugika alitoka kichwa kimetulia nje, na ndani kimejaa habari za mtaa mzima.

Wanawe wawili, sasa watu wazima wenye kazi zao, walikuwa na maneno machache mno. Mama Mitumba, mteja wake wa siku nyingi aliyeuza nguo kuukuu ng'ambo ya barabara, alisema si tabia yao, maskini, ila hawakuwahi kuachiwa nafasi.

Huo mdomo ulimponza Redio alipokuwa mdogo. Shuleni alikuwa akitolewa nje ya darasa karibu kila siku kwa kupiga soga, na huko nje akawa anavuka barabara na kwenda kukaa kwenye ngazi za msusi mmoja mzee ambaye kila mtu alimwita Bibi Kitana. Kila mtu mzima aliyemjua alikuwa akimwambia nyamaza. Bibi Kitana hakumwambia hivyo. Alimsikiliza huku vidole vinakwenda, na mtoto akinyamaza kuvuta pumzi, yeye anauliza, "Halafu ikawaje?" Lakini bibi huyo hakuwa mjinga wa kumlea mtoro. Alimpa sharti: "Ukimaliza shule nitakufundisha kusuka. Usipomaliza, kitana changu utakiona kwa macho." Redio akarudi darasani akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akamaliza, na siku ya pili yake alikuwa mlangoni kwa Bibi Kitana asubuhi na mapema, amekwisha osha mikono.

Basi Jumamosi moja, saluni imejaa, akaingia mama mmoja mwenye haraka zake, amemshika mkono msichana mwembamba wa shule ya msingi.

"Huyu ni binti wa kaka yangu," alisema yule shangazi. "Msuke mistari, mimi nakimbia sokoni mara moja. Usihangaike naye sana, huyu si wa kuongea."

Akatoka. Redio akamkalisha yule binti kwenye kiti, akamwekea taulo mabegani.

"Haya mwanangu, mistari ya namna gani?"

"Ya ku... ya ku... ku..."

"Ya kurudi nyuma! Sawa kabisa, itakupendeza."

Binti akatikisa kichwa, lakini Redio alikuwa ameshakikamata kichwa chenyewe kwa mikono miwili, akadhani ni ule utukutu wa watoto. "Tulia mama, nitakusuka na sikio." Akaanza kazi, na pamoja na kazi akaanza hadithi ndefu ya harusi iliyoharibika kwa sababu ya mvua. Mistari ikakamilika, imenyooka kama imepigwa rula. Redio akamgeuzia kioo kwa madaha. Machozi yakamdondoka binti mpaka kwenye taulo.

Redio akakatisha harusi katikati. "Kuna nini? Nimekaza sana?"

"Ku... ku..."

"Kubwa!" alidakia Mama Mitumba kutoka kwenye benchi. "Mistari ni mikubwa, alitaka midogo."

"Kuwasha," alisema mwingine. "Kichwa kinamuwasha."

"Kurudi nyumbani. Anataka nyumbani, mtoto wa watu."

Walikuwa wanamrushia maneno kama wanaocheza bahati nasibu, na nia yao ilikuwa njema kabisa. Binti akafunga mdomo. Redio aliuona ukifungwa, na pale pale kitu kikamchoma. Yeye alitolewa nje ya darasa kwa kusema sana. Huyu anatolewa nje ya sentensi yake mwenyewe kwa kusema polepole.

"Nyamazeni wote!" alisema. "Na mimi nanyamaza."

Saluni ikawa kimya. Kilikuwa kitu kigeni kiasi kwamba fundi viatu aliacha nyundo, akachungulia mlangoni kuona nani amezimia.

Walingoja. Binti aliangalia sakafu, akaangalia kioo, akavuta pumzi. "Mi-mistari ya ku... ya kupanda juu," alisema.

"Ya kupanda juu!" Redio alijipiga kipaji cha uso. "Maskini mimi na huu mdomo!" Akachukua kitana na kuanza kufumua mistari yote aliyokwisha kuisuka, mmoja baada ya mwingine. Shangazi alirudi na vikapu vyake akakuta kazi ndiyo kwanza inaanza upya, na msusi amenyamaza huku jasho linamtiririka, kwa maana kunyamaza kulikuwa kunamchosha kuliko kusuka.

Mara ya pili binti alikuja peke yake. Na kabla hajakaa, Redio aliwatangazia waliokuwepo sheria mpya ya saluni: atakayemkatiza mwenzake, au kummalizia neno, anashika fagio na kufagia nywele zote za chini. Hakuna cha mteja wala mwenye nyumba.

Aliyefagia kuliko wote siku za mwanzo alikuwa Redio. Aliyemfuatia alikuwa Mama Mitumba, mwanamke mwenye mwili wake, aliyekuwa akifagia huku ameshika kiuno na kulalamika kwamba amekuja kupambwa na si kuajiriwa. Siku moja mteja mmoja alianza kusema, "Mume wangu siku hizi ni m...", akasita kidogo atoe pini mdomoni.

"Mlevi!" alisema Mama Mitumba.

"Mgonjwa," yule mteja alimalizia.

Kicheko kilichozuka kilimfikia fundi viatu nje. Fagio likapelekwa kwa mwenyewe kwa heshima zote. Na katika kicheko kile Redio alisikia sauti ngeni, nyembamba, ya kengele. Binti alikuwa anacheka mpaka anajishika tumbo.

Tangu hapo maneno yakaanza kutoka. Hayakutoka kwa kufurika, yalitoka kama maji ya bomba lililokauka muda mrefu: kwanza upepo, halafu matone, halafu unashangaa ndoo imejaa. Alisema mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alisema anakaa kwa shangazi kwa sababu baba yake ni dereva wa lori la safari ndefu. Na alipofika kwenye lori, uso ulibadilika. Wakati wa likizo baba alimchukua safarini, na lori likiharibika yeye ndiye aliyemshikia tochi. Alijua injini kama Redio alivyojua vichwa. Alieleza kigugumizi kikimkamata kila baada ya hatua, mara kwenye "pampu", mara kwenye "mafuta", na Redio, vidole vikiwa kazini, alingoja mpaka pumzi, kisha akauliza lile swali alilorithi: "Halafu ikawaje?"

Si kila Jumamosi ilikuwa ya kicheko. Nyingine binti aliingia uso umefungwa, akasukwa, akaondoka bila neno. Ilichukua muda Redio kupata sababu. Shuleni walimbandika jina. Walimwita Injini Baridi, kwa sababu haiwaki.

"Nipe jina la mtoto mmoja tu," alisema Redio, akaweka kitana chini. "Mmoja tu, nikamtembelee."

"Kaa chini, mke wangu," alisema fundi viatu kutoka barazani. "Ukienda wewe watafunga shule."

Siku hiyo binti aliuliza swali ambalo kumbe alikuwa amelibeba muda mrefu. Aliuliza akiangalia mbele, hawatazamani, kama watu wanavyoongea vizuri zaidi wakati wa kusukwa. "Ki-ki-kitaisha?"

Redio alitamani kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi. "Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi si daktari. Labda kitapungua, labda utazeeka nacho. Ila kuna jambo moja ninalo hakika nalo, maana nimekaa nyuma ya kichwa chako muda wote huu. Unachosema kinafaa kungojewa. Na iko siku utasimama mbele ya watu, nao watangoja."

Binti hakuamini hata kidogo, na Redio alijua haamini. Ikabidi aamini kwa niaba ya wote wawili.

Mwalimu wa darasa la yule binti naye alikuwa anasuka kwa Redio. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye darasa lililojaa mpaka madirishani na sauti iliyokauka kila Ijumaa. Aliingia Jumamosi moja akamkuta mwanafunzi wake yuko kwenye kiti, mikono inapaa hewani, anaeleza namna baba yake alivyofunga breki za lori kwenye mteremko. Alisimama mlangoni mpaka hadithi ikaisha.

"Huyu ni yule yule wangu?" aliuliza.

"Kwani kwako yuko vipi?" alisema Redio.

Mwalimu akakaa kwenye benchi. Alionekana kutaka kusema jambo ambalo halimfurahishi. "Tukisoma kwa sauti, namruka," alisema. "Nikifika kwenye dawati lake naenda la pili. Niliwaona siku ya kwanza wenzake wakimcheka, nikasema sitamtesa tena. Niliona namhurumia."

Redio alifungua mdomo. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, tena yenye chumvi. Lakini kwenye kioo alimwona binti anavuta pumzi, akaufunga.

"U... u... u..."

Mama Mitumba, ambaye neno lilikuwa limeshamjia, alichukua ncha ya mtandio akaing'ata. Mashine ya kukaushia iliendelea kunguruma juu ya kichwa cha mteja mmoja, na yule mteja akanyoosha mkono akaizima.

"U-usiniruke, mwalimu," alisema binti.

Mwalimu alisimama, akaja mpaka kwenye kiti, akachuchumaa mbele yake ili macho yao yawe sawa. "Sitakuruka," alisema. "Lakini nisaidie. Niambie unataka nikufanyie vipi."

Wakapanga wenyewe pale pale, mwalimu na mwanafunzi wake, Redio akiwa mtu wa kusikiliza tu. Binti angejua siku moja mbele ni ukurasa gani atakaosoma, ili aujaribu nyumbani. Mwanzoni wangesoma wawili wawili, yeye na msichana anayekaa naye dawati moja. Na darasani pia pasiwe na wa kummalizia mwenzake neno. Mwalimu ndiye aliyeongeza hilo la mwisho, akakiri kwamba mkosaji wa kwanza atakuwa yeye.

Miezi ikapita. Binti akasoma mstari, akasoma aya. Kuna siku alirudi akasema amekwama mpaka kengele ikalia, na kuna siku alirudi akasema ameuliza swali la sayansi na mwalimu mwenyewe hakulijua jibu. Kisha akaja na habari kubwa. Siku ya wazazi, mbele ya shule nzima, kila darasa lingemtoa mtoto mmoja aeleze jambo analolijua vizuri. Yeye alikuwa amenyoosha mkono.

Redio alipiga kigelegele kilichomfanya fundi viatu ajigonge kidole na nyundo.

Furaha hiyo haikukaa. Siku chache baadaye, siku ya kazi, saa za mchana ambazo saluni huwa na watu wawili watatu tu, lori kubwa lilisimama nje likafunika nusu ya barabara. Akashuka mwanamume mrefu, akaingia saluni bila hodi, kofia mkononi. Wanaume hawakuwa na desturi ya kuingia mle, mbali na fundi viatu anapouliza chakula.

"Mi-mi-mimi ni ba... ba..."

Redio alielewa yote kwa mpigo. Binti hakuwa amewahi kumwambia. Baba mtu naye alikuwa na kigugumizi, tena kizito kuliko cha mwanawe.

Yule dereva alikuwa amekuja kugomba. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Lakini wanawake wa saluni ile walikuwa wamekwisha kufunzwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeangalia pembeni, hakuna aliyemsukumia neno. Walimtazama tu na kungoja, kama wanavyongoja kila siku, na Mama Mitumba aliendelea kunywa chai yake.

"Mimi ni ba-baba yake," alimaliza. Akasita, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango uliokwama akaukuta uko wazi. "Nimesikia mna-mnataka kumsimamisha mbele ya watu. Si-sitaki."

Wakaendelea kungoja. Ikawa kana kwamba kimya kile kinamvuta aseme zaidi.

"Nilikuwa mdogo kama yeye. Mwa-mwalimu alinisimamisha ni-nisome. Walicheka. Walicheka mpaka na mwalimu akacheka. Si-sikurudi tena shuleni. Sitaki yampate yeye."

"Halafu ikawaje?" aliuliza Redio kwa upole.

Dereva alimwangalia. Inaelekea hakuna aliyewahi kumuuliza. "Halafu nikapata lori," alisema. "Lo-lori haliulizi maswali."

"Shemeji, kaa."

Akakaa ukingoni mwa benchi, magoti yakamfika kifuani. Redio aliacha kichwa alichokuwa anasuka, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Siku ile waliyokucheka," alisema, "palikuwa na mtu mzima hata mmoja wa upande wako? Mmoja tu?"

Dereva alitikisa kichwa. "Ha-hakuna."

"Huyu ana mwalimu wake. Ana mimi. Ana hawa unaowaona, pamoja na Mama Mitumba hapa, ambaye kwa ajili ya mwanao amefagia kuliko alivyofagia kwake. Sikuahidi kwamba hawatacheka, shemeji. Watoto ni watoto. Lakini wakicheka, hatakuwa peke yake. Na zaidi ya sisi wote, yeye anataka kujua kama ana wewe."

Dereva alizungusha kofia mikononi. Hakusema ndiyo. Alisema siku hiyo atakuwa safarini. Lakini hakuondoka. Aliulizwa kama atakunywa chai akakubali, na akiwa na kikombe mkononi akasimulia kwamba wakati mmoja, kwenye mgahawa, aliagiza maziwa, akakwama kwenye "ma-ma", mhudumu akamletea maharage. "Ni-nikala maharage," alisema. "Sikuyataka. Nikala, nikalipa." Wanawake wakacheka, na yeye, baada ya kuwaangalia na kuona ni kicheko cha namna gani, akacheka pamoja nao. Lori lilikaa pale mpaka madereva wengine wakaanza kupiga honi.

Siku ya wazazi Redio alifunga saluni, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mafua makali. Alikuwa amemsuka binti mistari ya kupanda juu, imefungwa utosini kwa utepe. Walikaa chini ya turubai: Redio, mume wake katika shati la kuendea sherehe, Mama Mitumba aliyechukua viti viwili, na shangazi ambaye alikuwa haachi kunong'ona, "Atatuaibisha huyu, jamani, atatuaibisha." Dereva hakuonekana.

Watoto wengine walipita, mmoja akaeleza nyuki, mwingine akaeleza mvua. Kisha binti akapanda jukwaani na kadibodi aliyoichorea injini. Mwalimu wake alikuwa amemwambia kwamba hana haja ya kuanza na salamu rasmi, aende moja kwa moja kwenye mada. Lakini aliitaka salamu kama wenzake walivyoitoa. Akashika kipaza sauti.

"Mhe... Mhe... Mhe..."

Likakwama. Likakwama kuliko lilivyowahi kukwama saluni. Nyuma, kwenye wanafunzi, mtu akachekea puani, mwingine akadakia. Mgeni rasmi, mzee mpole mwenye miwani, akainama mbele kumsaidia: "Mheshimiwa... endelea, mwanangu, mheshimiwa mgeni..." Kila neno alilosaidia lilimfunga mtoto zaidi. Redio alikuwa ameshainuka nusu. Fundi viatu alimvuta gauni akamkalisha.

Ndipo nyuma kabisa, karibu na lango, akasimama mtu mrefu mwenye nguo za kazi zenye mabaka ya mafuta. Alisimama tu wima, kofia mkononi, pale ambapo mtu wa jukwaani hawezi kukosa kumwona.

Binti alimwona. Redio aliona mabega yanashuka na kifua kinajaa hewa. Lile neno "mheshimiwa" likaachwa lilipokwama.

"Ha-hapa shuleni," alisema binti, "wengine mnaniita I-Injini Baridi."

Uwanja mzima ukanyamaza. Mwalimu mkuu akajitazama viatu.

"Leo nitawaeleza in-injini baridi inawashwaje."

Mtu mmoja akaanza kucheka, na Mama Mitumba akapiga makofi, na kicheko kikaenea safu kwa safu, kicheko kingine kabisa, cha watu walionaswa kwa maneno yao wenyewe. Na yeye akatabasamu, akanyoosha kidole kwenye mchoro. Akaeleza kwamba injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata moto, na dizeli ikinyunyiziwa hapo inawaka yenyewe. Asubuhi ya baridi, akasema, kuna taa ndogo mbele ya dereva. Dereva anangoja taa izimike ndipo awashe. "Mwe-mwenye haraka hangoji," alisema. "Anawasha, anawasha, mwisho anaua be-betri, halafu anasema gari ni bovu."

Haikwenda bila dosari. Kadibodi ilianguka. Kipaza sauti kikafa katikati ya chujio la mafuta. Sehemu ya mwisho aliisahau. Alikwama tena na tena, lakini sasa watu walingoja, na alipomaliza, mgeni rasmi aliinua mkono kama mwanafunzi, akasema gari lake mwenyewe ni la dizeli na asubuhi linamsumbua, je, tatizo laweza kuwa nini? Lilikuwa swali la kweli. Binti akamuuliza moshi wake una rangi gani. Na yule mzee, ambaye alikuwa mwepesi wa kujifunza, safari hii alinyamaza mpaka jibu likafika mwisho.

Baadaye Redio alimkuta nyuma ya madarasa, analia kwa hasira. "Ni-nimekwama kwenye neno la kwanza!"

"Na la mwisho je?"

"La mwisho ni-nililisema."

"Sasa unalia nini? Njoo, baba yako anakutafuta, na kofia yake ataichana kwa kuizungusha."

Kigugumizi hakikuisha. Hilo lisemwe wazi, maana wako wanaosimulia habari hii kana kwamba kilidondoka jukwaani siku ile. Kilichobadilika ni kwamba hakikuwa tena sababu ya kukaa kimya. Aliuliza maswali, na kwa kuuliza akaelewa, na kwa kuelewa akafaulu. Jina la utani lilibaki, ila likafupishwa, akawa Injini tu, na aliitika. Baba yake alizoea kulisimamisha lori mtaani kila arudipo, akakaa barazani na fundi viatu, watu wawili wa maneno machache, wakatazama barabara na kuridhika.

Kina mama wengine walisikia, wakaanza kuleta watoto: mmoja aliyerudia darasa mpaka akajiona mjinga, mwingine aliyefiwa na kuacha kula. Redio aliwaambia kila mara kwamba yeye ni msusi. Waliohitaji daktari aliwahimiza waende kwa daktari. Lakini kiti alikuwa nacho, na masikio alikuwa nayo, tena sasa yamekwisha kuzoea kazi. Si watoto wote walioweza kufunguka. Msichana mmoja alihamishwa na wazazi wake kabla hajasema hata neno moja, na Redio mpaka leo akikutana na watu wa upande alikohamia huwauliza kama wamemwona.

Injini alikwenda chuo cha ufundi. Akamaliza, akaajiriwa kwenye gereji kubwa ya malori, msichana pekee kati ya wanaume, akawa anarudi likizo na mafuta kwenye kucha na nywele zilizomtia Redio uchungu wa moyo. Na juzi juzi alipiga simu. Kwa mwenye kigugumizi simu ni mlima, lakini alipiga. Redio alikaa na simu sikioni, kimya, mpaka mteja mmoja mgeni akamwambia huenda mtandao umekatika. Redio akamwonyesha kidole: ngoja.

Habari yenyewe ilikuwa hii: gereji ilimtaka awe mkufunzi wa vijana wapya wanaoingia, awe anasimama mbele yao kila asubuhi na kuwafundisha.

"Kila asubuhi!" alisema Redio. "Mbele ya watu! Na umekubali?"

"Ni-nimekubali, mama."

Redio alitafuta namna ya kuuliza, kisha akauliza tu, maana wawili wale hawakuwa wa kufichana. "Na ukikwama?"

Kutoka upande wa pili sauti ikaja, imetulia kabisa.

"Wa-watangoja," alisema. "Ni-nitawafundisha hilo kwanza, kabla ya injini."

Redio alijifuta macho kwa taulo la mteja, akamwambia aje Jumamosi mapema kabla foleni haijawa ndefu, maana mkufunzi hawezi kusimama mbele za watu na kichwa kile.